Unataka kuanzisha podikasti ya siasa na utamaduni wa Ulaya? Soma hii kwanza

Kabla hujanunua maiki, punguza mada. Umoja wa Ulaya (EU) peke yake una nchi 27 na lugha rasmi 24, sasa ukijifanya unaongelea "Ulaya" kila wiki utaishia kusoma vichwa vya habari ambavyo msikilizaji keshaviona kwenye simu. Tafuta kisa kimoja chenye siasa na utamaduni humohumo. Mfano Ubelgiji 2010 mpaka 2011, siku 541 bila serikali kamili kwa sababu vyama vya Waflemi (wanaoongea Kiholanzi) na vya wanaoongea Kifaransa vilishindwa kuelewana, wanafunzi wakaingia mtaani wanagawa chipsi za bure kama maandamano. Hapo una lugha, una utani, una bajeti, episodi imejaa.

Sauti usihangaike sana, Bunge la Ulaya linarusha vikao laivu kwenye tovuti yake na rekodi zake zinatumika bure kwa kazi za habari ukitaja chanzo (masharti yasome lakini). Chukua sauti ya mbunge mwenyewe, siyo ya mkalimani. Muache aongee kwa lugha yake sekunde tano sita hivi, msikilizaji asikie hasira au kejeli yake, halafu ishushe taratibu na wewe uingie juu yake unaeleza anachosema. Ukimkata ghafla inasikika vibaya.

Muziki: ule wa Beethoven unaotumika kama wimbo wa Ulaya, noti alizoandika Beethoven mwenyewe ni huru ila rekodi ya okestra ina wenyewe, usidownlodi tu ukabandika.

Halafu jamani taasisi za Ulaya msizichanganye, hapa ndo watu wanaumbuka. Juni 2022 ndege ya Uingereza ya kupeleka waomba hifadhi Rwanda ilizuiwa na Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, wengi wakasema EU imeingilia, wakati ile mahakama ni ya Baraza la Ulaya, shirika jingine kabisa la haki za binadamu lenye makao Strasbourg, Ufaransa, siyo ya EU, na Uingereza bado ni mwanachama wa Baraza hata baada ya Brexit, yaani kujitoa EU.

Mgeni akiwa mbali mwambie ajirekodi mwenyewe kwa simu, chumba chenye mapazia, faili akutumie baadaye, maana sauti ya kol inakatakata. Na kama kuna chama au taasisi inakupa hela, itaje mwanzoni mwa episodi, siyo kule mwisho ambako watu washazima.