Kuhamia kitochi kwa ajili ya faragha: yafanye haya kabla hujazima simu janja

Jua kwanza unamkimbia nani. Kitochi kinakutoa machoni pa kampuni za programu na matangazo: hakuna kinachonakili orodha yako ya majina wala kurekodi kila kona uliyopita. Kampuni ya simu inabaki palepale. Inajua mnara ulio karibu nawe, inajua uliyempigia na saa uliyompigia, na SMS zako inaweza kuzisoma. Kwa mazungumzo ya siri hasa, SMS ni mbovu kuliko Signal (programu ya ujumbe ambao kampuni ya simu haiwezi kuusoma) ndani ya simu janja. Tunalisema mapema kwa sababu wengi hulikosea. Kuhamisha laini ile ile pia hakukufichi: mtandao unaona namba yako pamoja na IMEI ya simu mpya, zile tarakimu 15 zinazotokea ukibonyeza *#06#.

Unapochagua, batani zisikudanganye. Baadhi ya simu za batani zinaendeshwa na mfumo wa KaiOS, zina duka la programu, Wi-Fi na hata GPS. Hiyo ni simu janja iliyovaa nguo fupi. Tafuta isiyo na duka la programu kabisa, na yenye betri inayotoka. Kisha angalia mtandao. Nchi kadhaa zimezima 3G, nyingine 2G, na 2G yenyewe ina kasoro kubwa: simu haihakiki mnara, kwa hiyo mnara bandia unaweza kujifanya wa kampuni yako na simu ikajiunga. Chukua ya 4G yenye VoLTE (uwezo wa kupiga simu kupitia 4G yenyewe), na uulize kama kampuni yako inaikubali simu hiyo. Bila VoLTE hurudi 3G au 2G kila unapopiga, na zikiwa zimezimwa, simu haitoki.

Kazi kubwa ni akaunti, na hufanywa simu janja ikiwa bado inafanya kazi. Pitia kila akaunti inayoomba namba ya uthibitisho. Zile zinazotumia programu inayotoa namba za uthibitisho, hamishia programu hiyo kwenye kompyuta, au chapisha namba za akiba za akaunti hizo na uzifungie mahali salama. Usizihamishie kwenye SMS: mtu akifanikiwa kuisajili upya laini yako kwa hila, anazipokea yeye. WhatsApp ya kompyuta nayo haikai peke yake, kwani simu kuu isipotumika kwa siku 14 vifaa vilivyounganishwa hutolewa. Waage watu huko, uwape namba. Anayetoka iPhone azime iMessage kabla ya kuchomoa laini, la sivyo ujumbe wa wenzake wenye iPhone unaweza kuendelea kwenda kusikofika.

Majina yahamishe kama faili la .vcf kwa Bluetooth. Tatizo la kawaida ni kitochi kusoma jina la kwanza tu na kuyaacha mengine. Hapo tuma jina moja moja, au pitishia kwenye laini kama simu yako ya zamani inaruhusu. Laini nyingi hubeba majina kama 250, kila jina namba moja, na majina marefu hukatwa. Andika namba zote kwa + na msimbo wa nchi.

Kama unatumia eSIM (laini iliyo ndani ya simu, isiyo na kadi), omba kadi ya kawaida. Laini ya nano kwenye tundu kubwa huhitaji fremu ya plastiki. Usiingize fremu tupu, hunasa vipini vya ndani na kuving'oa.

Sasa weka PIN ya laini. Ukiikosea mara tatu itaomba PUK (namba ya kuifungulia laini), na PUK ukiikosea mara kumi kadi imekufa, kwa hiyo iandike PUK pembeni. Badilisha pia namba ya usalama ya simu, ambayo mara nyingi huja ikiwa 1234 au 0000. Hata hivyo namba hiyo hufunga kioo tu; kumbukumbu ya kitochi kwa kawaida haijasimbwa (haijafichwa kwa msimbo), na mwenye vifaa akikishika anaweza kusoma ujumbe wote. Futa SMS mara kwa mara, na nywila zisikae humo hata kwa siku moja.

Simu janja ya zamani: ondoa akaunti kwanza, ndipo uirudishe ilivyotoka kiwandani. Ukianza na la pili, inaweza kumwomba mmiliki mpya nywila yako. Ukiamua kuibakiza, iache nyumbani imezimwa. Ukitembea nayo mfukoni ikiwa inawaka, programu zake zinaendelea kukufuata kama zamani.