Kupanga viwango rejea vya damu (mipaka ambamo majibu ya wanyama wenye afya huangukia) kwa nyani na kima walio hatarini kutoweka

1. Weka masharti ya kuingia kabla hujaona jibu lolote: mnyama aliyekomaa, mwenye afya, hana mimba, hanyonyeshi, hayuko kwenye dawa. Ukichagua baada ya kuona namba, utawatoa wale tu ambao namba zao hukuzipenda.

2. Chukua damu. Usivuke 1% ya uzito wa mwili. Tamarini (kima mdogo) wa gramu 450 asitolewe zaidi ya mililita 4.5, na kwa kazi hii mililita moja au mbili zinatosha. Jaza chupa ya seramu (majimaji yanayobaki damu ikiganda) kwanza, kisha ya EDTA (kemikali inayozuia damu isigande) hadi kwenye alama. Ikibaki nusu, EDTA inayozidi huzisinyaza seli nyekundu na hematokriti (sehemu ya damu iliyo seli nyekundu) hushuka kwa uongo. EDTA ya potasiamu ikiingia kwenye seramu, potasiamu hupanda na kalsiamu huporomoka. Pindua chupa taratibu mara 8 hadi 10, tandaza slaidi papo hapo.

3. Hapa ndipo viwango vingi huharibika: namna mnyama alivyoshikwa. Aliyekimbizwa kwa wavu hupandisha seli nyeupe na glukosi ndani ya dakika chache. Aliyechomwa ketamini (dawa ya usingizi) mara nyingi hushusha hematokriti na limfosaiti (aina ya seli nyeupe). Ukiwachanganya kwenye jedwali moja, mipaka inatanuka hadi mgonjwa anapita humo kama mzima. Watenge, hata kama kila kundi litabaki dogo. Bora zaidi ni waliofundishwa kutoa mkono wenyewe kwa zawadi ya chakula. Mafunzo huchukua muda, lakini hakuna damu safi kuliko hiyo.

Tena, mnyama mmoja ni sampuli moja. Wanyama 8 waliopimwa mara 5 si 40, ni 8. Vipimo vinavyobaki vitunze kama rekodi ya mnyama mwenyewe. Kwa spishi adimu hiyo ndiyo hugundua ugonjwa mapema.

4. Piga hesabu. Wanyama wakifika 120, panga majibu kuanzia dogo hadi kubwa, chukua asilimia ya 2.5 na ya 97.5 kama mipaka. Kati ya 20 na 119, tumia njia ya robasti (isiyoyumbishwa sana na namba zilizojitenga) au ya parametriki (inayodhani majibu yamepangika kwa umbo la kengele) baada ya kukagua mtawanyiko. Kuanzia 40, ongeza nafasi ya uhakika ya 90% (inayoonyesha mpaka wenyewe unaweza kuyumba kiasi gani) kwa kila mpaka. Kati ya 10 na 19, orodhesha majibu yote pamoja na wastani, namba ya katikati, ya chini kabisa na ya juu kabisa. Chini ya 10, usitoe viwango. Programu ya Reference Value Advisor, inayofanya kazi ndani ya Excel, inatosha kabisa.

Namba iliyojitenga usiifute kwanza. Angalia kama seramu ilikuwa nyekundu (dalili kuwa seli nyekundu zilipasuka), kisha faili la mnyama.

5. Chini ya jedwali andika mashine, dawa ya usingizi, umri, jinsia na idadi.