Kupima kazi ya jeni XRCC1 kwa mikia ya DNA

XRCC1 hutengeneza protini inayokusanya vimeng'enya vya kuunga DNA iliyokatika uzi mmoja. Umeme ukipitishwa, DNA iliyokatika huvutwa nje ya kiini na kuonekana kama mkia: mkato ukizidi, mkia hurefuka. Linganisha seli mbili za hamsta wa China: AA8, yenye jeni nzima, na EM9, ambayo XRCC1 yake ni mbovu.

Paka slaidi (kioo cha darubini) agarosi (aina ya jeli) ya 1% na uiache ikauke kabisa. Isipokauka, tabaka la juu litateleza na kazi yote itapotea.

Weka seli kwenye barafu, tia peroksaidi ya haidrojeni 100 µM kwa dakika 5, osha, kisha zirudishe kwenye nyuzi 37. Chukua sampuli dakika ya 0, 15, 30 na 60. Changanya seli 10,000 hivi na agarosi ya 0.7% inayoyeyuka kwa joto dogo, mimina juu ya slaidi. Pasua seli saa 1 kwenye baridi (NaCl 2.5 M, EDTA 100 mM, Tris 10 mM, pH 10, Triton 1%). Zilowekwe dakika 30 katika NaOH 300 mM na EDTA 1 mM, halafu umeme wa volti 0.8 kwa sentimita, dakika 25. Sawazisha pH kwa Tris, tia rangi ya DNA, pima mikia ya seli 100 kwa darubini.

Mikia ya AA8 hufupika upesi. Ya EM9 hukawia. Seli zisizotiwa peroksaidi zikiwa na mikia mirefu, chunguza kwanza tripsini (kimeng'enya cha kubandua seli) iliyokaa mno, kisha mwanga mkali.

Kwa XPA, jeni nyingine ya ukarabati wa DNA, na miale ya urujuanimno, matokeo hugeuka: miale huacha madoa (majeraha) kwenye DNA, na mkato huletwa na ukarabati wenyewe. Hivyo seli zenye XPA nzima ndizo zenye mikia zaidi.