Shahada ya uzamili ya uandishi wa habari ukiwa Mbeya: anzia kwenye lumbesa

Waandishi wenzangu wa Njombe na Tukuyu wakinipigia simu kuhusu uzamili, huanza na "dada, chuo gani kizuri?" Nami huwauliza: una swali gani la utafiti?

Hatua ya 1: Swali kwanza

Pendekezo langu la kwanza lilihusu "nafasi ya vyombo vya habari katika maendeleo". Msimamizi aliandika pembeni, kwa wino mwekundu: Nani? Wapi? Lini? Niliona aibu. Ndiyo maswali ninayowabana nayo maofisa kilimo kila wiki!

Nikarudi kwenye jambo nililokuwa nikiliripoti kila msimu wa viazi: lumbesa, lile gunia linaloongezewa juu na kushonwa kwa kamba hadi linapita kipimo, huku mkulima akilipwa bei ya gunia moja. Swali likawa hili: katika habari za lumbesa za redio moja ya jamii, msimu mmoja, ni nani anayesikika? Mkulima, dalali, au ofisa wa halmashauri? Sauti unaweza kuzihesabu. "Maendeleo" utayahesabuje?

Hatua ya 2: Hifadhi vipindi leo

Usisubiri barua ya kukubaliwa. Kompyuta ya studio niliyofanyia kazi ilikuwa ikijaa, fundi anafuta vya zamani. Nilipovihitaji, nusu ya msimu ilishapotea. Nunua diski ya nje, kila faili liandike tarehe na jina la kipindi.

Hatua ya 3: Sasa chuo

Uzamili wa mawasiliano ya umma unapatikana Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mtakatifu Augustino kule Mwanza, na Chuo Kikuu Huria, chenye vituo Mbeya na Iringa. Kama unalipwa kwa stori na una watoto, Huria itakufaa zaidi: huachi kazi. Kwa kawaida GPA (wastani wa alama) ya shahada ya kwanza inatakiwa isipungue 2.7. Ukilenga Uingereza, ufadhili wa Chevening hulipia uzamili wa mwaka 1, hutaka uzoefu wa kazi wa miaka 2, na ukimaliza unarudi nyumbani kwa miaka 2. Shahada ya nje utaipeleka TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) itambuliwe.

Hatua ya 4: Wadhamini

Hawa ni wa kukuandikia barua ya mapendekezo: mmoja mhadhiri, mwingine mhariri. Mhariri mpe orodha ya stori zako tano bora, la sivyo ataandika "ni mchapakazi" na kusaini.

Hatua ya 5: Vibali

Hapa ndipo waandishi tunapojikwaa, kwa sababu tumezoea kuingia popote na kitambulisho. Nilipanda milima ya Uporoto na changu shingoni. Mtendaji wa kijiji akakitazama, akasema, "Mwanangu, hiki ni cha kuombea habari. Utafiti una karatasi zake." Nauli ikaenda bure. Njia yenyewe: barua ya chuo kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kutoka hapo halmashauri, kisha kata na kijiji. Toa nakala nyingi. Kila ofisi itabaki na yake.

Hatua ya 6: Vua ukoti wa ripota

Kwenye habari, jina la chanzo ndilo linaloipa stori nguvu. Kwenye utafiti unalificha, na kabla ya kuhoji unaomba ridhaa. Mzee akijibu Kisafwa, mwache amalize. Andika alivyosema, tafsiri baadaye, maana tasnifu yenyewe itakuwa ya Kiingereza na maneno kama lumbesa yatahitaji aya nzima.

Hatua ya 7: Rudisha matokeo

Baada ya kutetea tasnifu, andika kurasa mbili za Kiswahili upeleke studio. Zangu zilisomwa kipindi cha Jumamosi asubuhi: ofisa wa halmashauri alisikika kuliko wote, dalali karibu hakuwapo. Simu ya kwanza iliingia kutoka soko la Mwanjelwa. Alikuwa dalali. "Dada, na wewe kwenye huo utafiti wako, mbona hukunihoji?"