SOMO: Stovu ya mafuta ndani ya begi, namna ya kuiwasha na lini uiache nyumbani

Waliozoea kunisoma wanajua nilipika Kilimanjaro misimu kumi na moja. Nilianza nikiwa mgumu wa kubeba jiko na sufuria, baadaye nikakabidhiwa mwiko. Wiki hii watu watatu wameniuliza jambo lilelile: wanataka kuanza kulala milimani bila kampuni ya kuwapikia, Usambara, Hanang na kwingineko, wanunue jiko dogo la kopo la gesi au lile la mafuta lenye chupa na pampu? Jibu la haraka: kama ni usiku mmoja au miwili, chukua gesi, usijisumbue. Jibu la polepole ndilo hili.

Siongelei jiko la tambi. Lile halina presha, na juu kule upepo unalichezea. Nasema stovu, mjukuu wa ile ya shaba ya bibi, unayoipiga pampu mpaka inanguruma. Ilitoka Stockholm mwaka 1892, kazi ya Frans Wilhelm Lindqvist, ikauzwa kwa jina la Primus. Roald Amundsen, mvumbuzi wa Norway, alikwenda nayo Ncha ya Kusini mwaka 1911. Ndani yake hakuna utambi. Hewa uliyoipampu inayasukuma mafuta yapite kwenye mrija wa chuma unaokaa motoni. Humo yanageuka mvuke, mvuke unatoka kwa kasi kwenye tundu dogo la nozeli, unachanganyika na hewa, unawaka buluu. Shika hilo tu. Mrija ukiwa baridi, kinachotoka ni mafuta, si mvuke, nayo yanawaka kama kibatari kilichopasuka. Karibu kila ajali niliyoiona ilianzia hapo.

Mwaka 1973 Larry Penberthy wa Seattle, mwenye Mountain Safety Research, alitoa jiko ambalo chupa ya mafuta yenyewe ndiyo tangi, inakaa mbali na moto na kuungwa kwa mrija. Alikuwa akiwafikiria wapandaji waliokuwa wakidhoofika kwa kukosa maji huku wamezungukwa na theluji. Majiko mengi ya begi ya leo yanafuata mtindo huo, na ndiyo ninayoyafundisha hapa.

Hatua ya 1: Mafuta

Nunua mafuta ya taa. Petroli nayo inawaka kwenye majiko mengi ya aina hii, na haisumbui sana kupasha, lakini mvuke wake unashika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Mafuta ya taa yanataka kufika kama nyuzi 38 kwanza. Kwa lugha ya kambini: ukimwaga mafuta ya taa umepata harufu, ukimwaga petroli umepata msiba. Dizeli waachie wenye malori, masizi yake hayatoki kwenye sufuria. Kuna pia mafuta meupe ya kambi yanayopendwa Marekani, masafi kuliko yote, ila madukani hapa Moshi sijawahi kuyaona.

Uzuri wa mafuta ya taa ni kwamba duka la kijijini linakupimia hata nusu lita. Ubaya wake ni uchafu. Hujui kidumu kile kilikuwa cha nini kabla. Kwa hiyo yaache yatulie usiku kucha kwenye chupa inayoonyesha ndani. Maji yakiwemo yatajitenga chini. Mimina ya juu kupitia kitambaa cha pamba kilichokunjwa mara mbili, ya chini usiyaonee huruma.

Kiasi: nilikuwa nikihesabu mililita 100 kwa mtu kwa siku pale penye kijito, na mara mbili ya hapo kama maji ni ya kuyeyusha theluji. Watu wanne, siku tano, lita mbili.

Hatua ya 2: Nozeli

Mafuta mazito, tundu dogo. Primus OmniFuel, kwa mfano, inakuja na nozeli tatu: 0.28 mm ya mafuta ya taa, 0.37 ya petroli, 0.45 ya gesi. Ukiacha ya petroli ukatia mafuta ya taa, utapata moto wa njano na sufuria nyeusi tii, kisha utalitukana jiko. Badilisha nyumbani, mezani, penye mwanga.

Hatua ya 3: Chupa na pampu

Chupa usiijaze pomoni. Acha sehemu moja ya tano iwe hewa, maana hewa hiyo ndiyo inayosukuma. Tumia chupa iliyotengenezwa kwa jiko. Chupa ya maji ya alumini inafanana nayo sana, lakini haikuundwa kwa presha. Chomoa mti wa pampu utazame washa yake, kile kipande cha mviringo mwishoni kinachosukuma hewa. Ikiwa ya ngozi na imekauka, tone moja la mafuta, isugue kwa kidole mpaka ilainike. Funga, piga pampu mara 20 hadi 30, mkono utakuambia ukianza kuwa mzito. Halafu pitisha kidole kwenye maungio yote. Kidole kikitoka na unyevu, hapo hakuna kuwasha, tafuta mpira uliochoka ubadilishe.

Hatua ya 4: Mahali

Nje ya hema, juu ya jiwe bapa. Najua kuna baridi na mvua. Nje. Hema la nailoni halikupi nafasi ya kujuta, na ile hewa ya sumu ya moto, kaboni monoksidi, haina harufu ya kukuamsha.

Hatua ya 5: Kupasha

Hapa ndipo nyusi zinapoungua, kwa hiyo nitakwenda taratibu.

Valvu iwe imefungwa. Mimina spiriti kiasi cha kijiko kimoja au viwili vya chai kwenye kikombe kidogo kilicho chini ya kichomeo, kisha ifunge chupa ya spiriti na kuiweka mbali. Washa. Mchana hutaona kitu, kwa sababu moto wa spiriti ni hafifu kwa macho. Sogeza mgongo wa mkono kwa juu utausikia. Sasa ngoja. Usiongee na simu, usikate kitunguu. Spiriti ikiwa inakaribia kwisha na miali imekuwa midogo, fungua valvu kidogo sana, kama robo ya mzunguko. Ukisikia *fuuu* na moto ukatulia buluu, umeshinda, ongeza polepole. Ukiona mwali wa njano unapanda kimo cha goti, funga valvu, rudi nyuma, acha mafuta yaliyomwagika yaungue yaishe, jiko lipoe, uanze upya.

Kosa linaloumiza watu ni kuongeza spiriti kwenye kichomeo ambacho bado cha moto, wakidhani kimezima. Moto unapanda mpaka kwenye chupa uliyoishika mkononi. Nina alama kwenye kiganja cha kushoto, na ilikuwa msimu wangu wa saba, si wa kwanza.

Unaweza kupashia mafuta ya taa yenyewe ukikosa spiriti. Yanafanya kazi, ila moshi wake utawaamkia majirani kabla yako.

Hatua ya 6: Kupika

Weka kizuia upepo, lakini usiizungushie chupa humo ndani, ibaki nje ikiwa baridi. Presha ikishuka ongeza pampu kidogo, sufuria ikiwa imeshikiliwa.

Usilaumu jiko kwa mambo ya mwinuko. Pale kambi ya Barafu, Kilimanjaro, mita 4,673, maji yanachemka kwenye nyuzi kama 85 tu. Tambi zitaiva kwa subira, ndizi utazisubiri, maharage makavu sahau. Tena kambi hiyo haina maji. Ya mwisho kwa njia ya Machame yako bonde la Karanga, yanapandishwa kwa mgongo. Kwa hiyo funika sufuria, maji yasiende na upepo.

Hatua ya 7: Kuzima na kufunga

Yale majiko ambayo chupa yake inageuzwa, igeuze, yaache yaungue mpaka mrija utoe hewa tupu, ndipo ufunge. Mengine funga valvu tu usubiri mwali ufe. Likipoa, legeza pampu nje, mbali na moto wowote, hewa itoke.

Kisha lifunge kwenye mfuko wake, mbali na chakula. Safari moja tukielekea Shira mwenzangu alilaza chupa juu ya unga, na kifuniko kilikuwa hakijakaza. Hatukuwa na unga mwingine. Siku tatu wageni walikula mkate na supu, sisi tulikula ugali wa mafuta ya taa, na kila aliyecheua alicheua petroli stesheni.

Kero zake, bila kuficha

Harufu, nimeshasema. Kelele: baadhi yanavuma kiasi kwamba mnaongea kwa ishara. Uzito: jiko, pampu na chupa tupu vinakaribia nusu kilo, wakati kichomeo cha gesi cha kuskuruwa juu ya kopo hakifiki hata gramu 100 kwa aina nyingi. Majiko mengi ni moto mkali au hakuna. Kukaanga vitunguu taratibu ni ufundi wa kunyanyua sufuria. Bei yake pia inauma. Na linataka kuhudumiwa: mipira, washa, mrija, nozeli. Mtu asiyependa kusafisha hata baiskeli yake asilinunue.

Faida yake kubwa ni kwamba presha inatoka mkononi mwako. Gesi ya butani inagoma kugeuka mvuke baridi ikifika sifuri. Kopo limejaa, moto hakuna. Mafuta hayajali. Unaona pia yamebaki kiasi gani, na hurudi na makopo matupu ya kutupa.

MASWALI YA WANACHAMA

Kutoka Nanyuki: Asante kwa somo. Huku kwetu mafuta ya taa siku hizi bei iko karibu na dizeli, na vituo vingine havina kabisa. Bado inafaa kwa Mlima Kenya, njia ya Sirimon?

Ni kweli. Serikali yenu iliweka tozo ya shilingi 18 kwa lita mwaka 2018 kuwazuia waliokuwa wakichanganya mafuta ya taa na dizeli, kwa hiyo ile sifa ya urahisi imepungua. Lakini kwa safari ya siku nne unaongelea lita moja au mbili, bei haitakuua. Kwa Sirimon, kambi ya Old Moses kwenye mita 3,300 gesi haitakusumbua. Kambi ya Shipton's, juu ya mita 4,200, alfajiri, ndipo utaona tofauti. Ukiamua gesi, tafuta kopo lenye mchanganyiko wa propani, na ulale nalo ndani ya begi la kulalia.

Kutoka Mbeya: Shikamoo mwalimu. Mimi naogopa ile pampu. Haiwezi kupasuka?

Marahaba binti yangu. Kwa pampu ya mkono, kwenye chupa yake halali isiyojazwa pomoni, sijawahi kuona. Hatari ni chupa kupata joto: imekaa karibu na moto, au umeizungushia kizuia upepo. Ishike mara kwa mara wakati unapika. Ikianza kuwa vuguvugu, zima kwanza, maswali baadaye.

Kutoka Arusha: Langu linawaka vizuri dakika kumi, halafu linaanza kuhema, linapanda linashuka, linazima. Nimeongeza pampu mpaka mkono unauma.

Acha pampu. Hiyo ni nozeli imeziba au mrija umejaa kaboni. Mengi ya kisasa yana sindano ndani: zima, lipoe, litikise juu chini usikie *tiki tiki*. Lisilo na sindano, tumia pini ya stovu, ichomeke taratibu usipanue tundu. Likirudia, toa waya ulio ndani ya mrija kama upo, uupanguse, uurudishe, rudia mpaka utoke safi. Na nieleze uliyachuja mafuta au la.

Arusha tena: Sikuyachuja.

Basi.

Kutoka Morogoro: Kwa nini nisitumie jiko la spiriti pekee? Nimejitengenezea la kopo la soda, halina cha kuharibika.

Kwa usiku mmoja Uluguru ni zuri, na mimi ninalo. Lakini kilo ya mafuta ya taa ina nishati ya megajuli kama 43, ya spiriti kama 27. Kila siku unayoongeza, uzito unakufuata. Na hilo kopo likipinduka mchana, unaweza kukanyaga moto usiouona.

Mgumu mstaafu, Marangu: Kaka, unawafundisha mambo ya zamani. Wapishi wengi sasa wanapandisha mtungi wa gesi na unawaka hadi Kibo.

Unawaka, sikatai, mdogo wangu. Mtungi ule una propani, una gesi nyingi, na una mtu wa kuubeba kichwani. Hapa tunaongelea anayebeba mwenyewe na maji, na hema, na viazi vyake. Kuni mlimani zimekatazwa kwa wote, kwa hiyo achague lake kabla hajafika getini.

Kutoka Toronto: Nakuja Julai kupanda Kilimanjaro. Nije na jiko langu la mafuta kwenye ndege?

Mafuta hapana, hata tone. Jiko lililokwishatumika linategemea idhini ya shirika la ndege: kanuni za usafiri wa anga zinataka chupa imiminwe kabisa, iachwe ikitiririka saa moja, kisha ikae wazi angalau saa sita mvuke uishe. Hata ukifanya hivyo, likinuka pale kaunta wanaweza kulikataa. Lakini Kilimanjaro hupandi bila muongozaji, na utakuwa na mpishi. Liache nyumbani, njoo na glavu nzuri. Kama baadaye unakwenda Usambara peke yako, niandikie, langu nitakuazima ukinirudishia likiwa limesafishwa.