Namna ya kuutafuta ukoo wako kijijini ukianzia Lubumbashi

Familia nyingi za Lubumbashi, mji wetu wa kusini mwa Kongo, zina mlango mmoja wa kuingilia katika historia yao, nao ni reli. Reli kutoka kusini ilifika hapa mwaka 1910, mji ukiwa ndio kwanza unapimwa viwanja na kuitwa Élisabethville. Mwaka uliofuata tanuru la shaba likawashwa, na kampuni ya migodi ya Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, ikahitaji mikono mingi kuliko ile ambayo vijiji vya jirani viliweza kutoa. Watu wakaletwa kutoka Luapula na Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo), kutoka nchi ya Baluba kule Lomami na Lualaba, kutoka Kasai, na katika miaka ya 1920 hata kutoka Rwanda na Burundi. Kwa hiyo mtu wa Katuba, Kenya au Kamalondo, mitaa ya hapa mjini, anayetaka kujua alikotoka asianze kwa kuuliza kabila lake ni lipi, kwani jibu hilo analo tayari na halimfikishi mbali. Aulize ni nani wa kwanza katika ukoo aliyekuja kukaa mjini, alifikia kambi gani ya wafanyakazi, alifuatana na nani, na alipanda gari la moshi wapi. Kituo alichopandia, kiwe Bukama, Kamina au Sakania, ndicho kitakachoonyesha upande wa kijiji.

Jambo la msingi katika kazi hii yote ni kwamba jina peke yake halitoshi. Majina yalibadilika kwa sheria, vijiji vilihamishwa, wilaya na majimbo yakakatwa na kuunganishwa upya. Kila jina utakaloandika lifunge kwenye mahali na kwenye tukio, la sivyo baada ya mwaka mmoja utakuwa na daftari lililojaa akina Ilunga na akina Kasongo usioweza kuwatofautisha.

Anza na wazee walio mjini

Wazee waliozaliwa kambini kabla ya uhuru wanazidi kutuacha, na mengi wanayoyajua hayajaandikwa popote. Nenda kwao kabla ya kufikiria nauli ya kijijini. Usiende peke yako ikiwa mzee hakufahamu vizuri. Fuatana na mtu wa ukoo anayemwita nkambo, yaani babu au bibi, kwa haki, akutambulishe wewe ni mtoto wa nani. Beba sukari na sabuni, au kitenge ikiwa ni bibi wa karibu, nawe usiyatoe maswali yako siku hiyohiyo ukiona kachoka. Simu irekodi kwa idhini yake tu, na iwekwe mahali anapoiona.

Maswali ya majina yasitangulie. Mzee akiulizwa kwa ghafla "babu wa babu yako aliitwa nani?" hujibu kwa kutaja jina kubwa la ukoo ili asiaibike, nawe utaandika kosa. Mwache aeleze kwanza kazi aliyoifanya baba yake, nyumba waliyokaa, waliomtembelea kutoka kijijini na vyakula walivyoleta. Majina yatakuja yenyewe pamoja na mahali. Ndipo urudi nyuma, jina kwa jina, ukiuliza nani alimtangulia nani kuzaliwa.

Kwa upande wa miaka, tumia matukio yanayokumbukwa na kila mtu. Mgomo wa wachimba migodi uliomalizwa kwa risasi hapa mjini Desemba 1941, uhuru wa tarehe 30 Juni 1960, kujitenga kwa jimbo letu la Katanga kuanzia 11 Julai 1960 hadi Januari 1963, vita ya Kolwezi ya 1978: mzee asiyejua mwaka aliozaliwa atakwambia bila kusita kwamba wakati wa uhuru alikuwa amekwisha kuolewa na mtoto wa kwanza ameanza kutembea.

Hapa kuna mtego unaohitaji uangalifu kuliko mingine yote. Katika lugha zetu, ndugu wa kiume wa baba naye ni baba, na watoto wake ni ndugu zako, si binamu. Mzee anayesema "baba yangu alikufa Likasi" huenda anamsema baba mdogo. Uliza kwa adabu kama ni yule aliyemzaa hasa, na kama fulani na fulani walitoka tumbo moja. Aidha, kwa jamii kadhaa za upande wa Luapula na kusini mwa Katanga, mtu akifa huteuliwa mwingine kulirithi jina lake pamoja na nafasi yake katika ukoo: kijana aliyerithi jina la mjomba wa bibi huitwa mjomba na watu waliomzidi umri, naye huweza kusimulia mambo ya marehemu kwa kusema "mimi". Usipoligundua hilo, utawaunganisha watu wawili, na pengine watatu, kuwa mtu mmoja aliyeishi miaka mia moja na thelathini.

Jua pia mstari unaofuatwa. Kwa Baluba wa Lomami mtoto ni wa ukoo wa baba. Kwa Balamba, Basanga na Babemba ukoo hupita kwa mama, na mjomba ndiye mwenye kauli. Wengi waliozaliwa mjini hubeba jina la baba kwenye karatasi na kudhani kwamba habari zote ziko upande huo, kumbe mwenye kuujua ukoo wao ni kaka yake bibi aliyezaa mama yao. Kwa Babemba majina ya koo yenyewe huelekeza, mathalani Bena Ng'andu, watu wa mamba, na Bena Ng'ona, watu wa uyoga, na koo kadhaa zina utani wa tangu zamani kati yao. Ukijua ukoo wako unataniana na nani, umepata shahidi wa pili: watani hukumbuka mambo ambayo wenye ukoo wenyewe wameyafunika.

Majina mawili, mtu mmoja

Mwaka 1972 serikali ya Mobutu ilipiga marufuku majina ya Kikristo. Mtu aliyeandikwa Joseph Kasongo kwenye kadi yake ya kazi ya 1965 anaweza kuonekana kwenye karatasi ya 1974 kama Kasongo Ilunga Mwamba, bila Joseph na akiwa ameongezewa majina ya wazee wake. Wazazi wengi walichagua wakati ule majina ya babu na bibi, na kwa hiyo majina hayo ya nyongeza ni hazina: muulize mwenyewe, au watoto wake, kila jina lilitolewa kwa nani. Majina ya mapacha nayo husaidia. Kyungu na Kabange kwa Baluba wa Katanga, Mbuyi na Kabanga au Kanku kwa wale wa Kasai, hukuambia kwamba kuna pacha mwingine ambaye huenda alifariki mchanga na hatajwi.

Mahali nako kulibadilishwa majina. Andika pembeni mwa daftari kwamba Jadotville ni Likasi, Albertville ni Kalemie, na Élisabethville ni Lubumbashi tangu 1966. Kwamba Katanga iliitwa Shaba hadi 1997. Na kwamba tangu 2015 jimbo hilo limekuwa manne, yaani Haut-Katanga, Haut-Lomami, Lualaba na Tanganyika. Karatasi ya zamani inayotaja kijiji "cha Katanga" haisemi bado uende upande gani.

Karatasi

Sanduku la nyumbani litangulie ofisi zote. Kadi ya kazi yenye matrikule, yaani namba ya mfanyakazi, kitabu cha utambulisho cha wakati wa Wabelgiji, karatasi ya pensheni, cheti cha ubatizo: hizi hukaa chini ya nguo za bibi kwa miaka, na mara nyingi zinataja kijiji, chifu na wilaya. Zipige picha pande zote mbili, kwa sababu mihuri na maandishi ya mkono huwa nyuma.

Rejista za parokia ndizo, kwa maoni yangu, chemchemi bora iliyo karibu nasi. Kila mstari huwa na namba, tarehe ya ubatizo, jina la mbatizwa, majina ya baba na mama, jina la msimamizi na la padre, na katika vitabu vya zamani mengi yameandikwa kwa Kilatini. Usiishie hapo. Tazama ukingo wa ukurasa, ambako padre huandika baadaye kipaimara na ndoa ya mtu yuleyule, pamoja na parokia alikofungia ndoa. Mstari mmoja wa 1938 unaweza kuwa na maneno machache ya wino tofauti ukingoni, yanayosema kwamba mtu huyo alioa mwaka 1957 katika parokia nyingine umbali wa siku mbili kwa gari. Na huko utampata mke, wazazi wa mke, na mashahidi wawili ambao mara nyingi ni ndugu. Msimamizi wa ubatizo naye aandikwe, kwani alichaguliwa mtu wa karibu.

Ili ujue rejista iko wapi, jua ni wamisionari gani waliohudumu upande wenu. Wabenediktini walikuwa Haut-Katanga, Wasalesiani wana Kafubu, Mapadre wa Roho Mtakatifu walikuwa Kongolo, Wafransisko upande wa Kamina na Sandoa. Wamethodisti walijenga Kapanga na Mulungwishi. Nenda siku ya kazi, si Jumapili, ukiwa na barua fupi inayotaja jina, miaka unayokisia na sababu ya kutafuta. Usiguse kitabu wala kukipiga picha kabla ya kuruhusiwa.

Hukumu za mahakama zinazotolewa badala ya cheti cha kuzaliwa zisomwe kwa tahadhari: majina ya wazazi huwa sahihi, lakini tarehe mara nyingi ilikadiriwa ili mtoto aingie shule au apate pasipoti. Kuna pia nyaraka za utawala wa kikoloni Ubelgiji, zenye thamani kwa historia ya vijiji na machifu. Mtu wa kawaida hatajwi humo kwa urahisi, kwa hiyo zingoje.

Ukifika kijijini

Safiri kiangazi, kati ya Mei na Septemba, mavuno yakiwa yameingia na barabara zikipitika. Kabla ya kuondoka pita katika makumbusho ya Lubumbashi, ukaone vitu vya kale vya nchi hii. Kama ukoo wako unatoka kando ya ziwa Kisale, ujue kwamba makaburi ya kale ya Sanga, yaliyofukuliwa 1957 na 1958, yameonyesha kuwa watu walikaa na kuzika wafu wao kwa heshima pale kwa zaidi ya miaka elfu moja. Kama wewe ni wa Bayeke wa Bunkeya, njia yako haiishii Bunkeya: watu wa mfalme wao M'siri, aliyeuawa 20 Desemba 1891, walitoka Unyamwezi, upande wa Tabora nchini Tanzania.

Salimia chifu wa kijiji kwanza, umweleze wazi kwamba hukuja kudai shamba. Hofu hiyo ipo kila mahali, nayo hufunga midomo. Halafu omba upelekwe kwenye kijiji cha zamani, kwa kuwa vijiji vingi vilisogezwa na serikali ya Wabelgiji hadi kando ya barabara. Mahali pa zamani hutambulika kwa miembe mikubwa iliyosimama porini bila nyumba. Nenda na mzee, na kila mnapofika penye mwembe muulize nani alikaa hapo. Kumbukumbu isiyokuja akiwa kitini hurudi miguu ikiwa imesimama kwenye uwanja wa baba yake.

Yako pia masimulizi yenye umbo maalum. Kwa Baluba wa Kasai kuna kasala, utenzi wa sifa unaosikika hasa penye msiba, ambao hutaja wahenga, mito na mahali walikotoka. Kwa Baluba wa Katanga chama cha Mbudye kilihifadhi habari za watawala kwa lukasa, ubao wenye shanga ambao msomaji huupitisha vidole huku akisimulia. Ukibahatika kusikia kasala, rekodi yote hadi mwisho na utafute mtu wa kuifafanua baadaye, usimkatize mwimbaji.

Utakutana na habari nzito, hasa asili ya watu waliotekwa au kuuzwa enzi za biashara ya watumwa na pembe. Wajukuu wao wanaishi hapohapo, wengine bila kujua. Yaandike katika daftari lako, yasiingie katika nakala ya kusambazwa.

Wazee wawili wakitofautiana, andika kauli zote mbili na jina la kila msemaji, usilazimishe mapatano. Ukirudi mjini, panga mti wa ukoo kwenye karatasi kubwa, nafasi zisizojulikana ziachwe wazi, na utume nakala kwa chifu, kwa mzee aliyekutembeza na kwa shule ya kijiji. Walio huko ndio watakaozijaza nafasi hizo kabla hujarudi.