Biznesi kadi nzito: anza na karatasi, dizaini itafuata

Watu wengi wakikuja kwetu kuprinti kadi, hapa River Road Nairobi, wanakuja dizaini ikiwa tayari, mtu ameimaliza usiku kwa Canva, anafungua simu anasema "nataka hii, lakini iwe ile nzito nzito." Hapo kazi imeanzia mkiani, juu kwa kadi nzito karatasi ndio inaamua karibu kila kitu: rangi itatokeaje, herufi iwe nyembamba kiasi gani, ukingo utaonekanaje, hata kama itaingia kwa waleti ama haitaingia. Kwa hivyo kabla ufungue kompyuta fuata huu mpangilio, ndio huo tunafanya nao kazi kila siku.

Hatua ya 1: Jua unampa nani

Kama wewe ni ajenti wa bima ama unauza ploti na unagawa kadi kwa kila mtu unayesalimia pale KICC, ule ukumbi wa mikutano, wakiwa na maonyesho, achana na kadi nzito kabisa, chukua ya kawaida ya gsm (uzito wa karatasi) 300 ama 350 uokoe pesa. Kadi nzito ni ya mtu anayetoa chache kwa watu wachache, wakili, msanifu majengo, mtu wa interia, mwenye kampuni ya safari, yaani ule mkutano mtu anaketi na wewe na anabaki na kadi mkononi akiizungusha mnapoongea. Hata kubeba kwenyewe ni shida, kadi 100 za unene wa milimita 0.8 zikipangwa zinafika sentimita 8, hizo huwezi tia mfukoni wa koti. Mimi wateja wangu nawaambia wafanye aina mbili, 100 nzito za wakubwa, na nyepesi nyingi za watu wengine wote. Dizaini iwe moja ili zisionekane ni za kampuni mbili tofauti.

Hatua ya 2: Shika karatasi kwa mkono

Usinunue kadi nzito kwa simu. Fika mahali, omba sampo, shika. Na usidanganywe na namba ya gsm peke yake. Hiyo ni uzito, gramu ngapi kwa mita mraba moja, unene ni kitu kingine. Atikadi, ile karatasi ngumu ya kawaida ya kadi, imepakwa na ikashindiliwa mpaka ikawa laini, kwa hivyo gsm 350 yake ni nyembamba kuliko gsm 350 ya karatasi isiyopakwa, ile ya pamba pamba. Unaweza lipia namba kubwa na ukapata kitu hakisikiki mkononi.

Kipimo rahisi unacho kwa waleti. Kadi yako ya benki ina unene wa milimita 0.76, ni kiwango cha dunia nzima, na hapo ndio mkono wa mtu wa kawaida huanza kusema "hii kitu ni ngumu." Atikadi moja ya 350 iko kama nusu ya hiyo. Ukibandika mbili mgongo kwa mgongo unapata gsm 700 na unakaribia kadi ya benki. Ukitaka kupita hapo unaweka ya tatu katikati, na hiyo ya katikati inaweza kuwa ya rangi, nyekundu, nyeusi, kijani, ndio unaona mstari wa rangi ukingoni. Hiyo mimi naipenda kuliko foili yoyote, yale maandishi ya kung'aa kama dhahabu, juu haipigi kelele na haichubuki.

Sasa sampo ikiwa mkononi fanya hivi. Iangalie ukingo upande wa mwanga wa dirisha: ukiona mstari wa gundi ama nafasi hata ndogo kama unywele, hiyo itaachana. Weka ukucha kwa kona, pale kabisa kwa ncha, jaribu kuitenganisha pole pole. Gundi ikiwa mbaya utaona tabaka mbili zikifunguka, na kama inafunguka hapo kwa kaunta fikiria itakuwaje baada ya mwezi mmoja kwa mfuko wa suruali na joto la matatu. Alafu ilaze kwa kioo ama meza iliyonyooka, ibonyeze kona moja, kona ya pili ikiinuka ujue imejikunja. Mwisho chukua biro uandike nyuma. Sisi Wakenya tunapenda kuandika namba nyingine nyuma ya kadi, "hii ndio ya WhatsApp," na laminesheni, ile plastiki nyembamba ya juu, haishiki wino, unafutika na kidole. Kama unajua utaandika, usiweke laminesheni kabisa ama chagua karatasi isiyopakwa.

Hatua ya 3: Uliza itaunganishwa vipi

Hapa ndio penye siri ya kazi na ndio mahali wateja hawaulizagi. Mashine nyingi za kuprinti za dijitali hapa tauni hazipitishi karatasi nene sana, nyingi zinaishia kama gsm 350 hivi, kwa hivyo mtu akikwambia anaprinti 700 moja kwa moja muulize na mashine gani. Kawaida tunaprinti mbele kwa karatasi moja, nyuma kwa nyingine, tunalamineti, tunapiga foili, ndio tunabandika, tunaweka chini ya uzito mpaka asubuhi, alafu ndio tunakata. Mpangilio huo una faida kubwa: kama unataka logo ya kuinuka, yaani embosi, inapigwa kabla ya kubandika na upande wa nyuma unabaki safi. Kwa kadi ya kawaida embosi inaacha shimo nyuma, inaharibu maandishi ya huko.

Kuna vitu viwili vinavyofanya kadi ijikunje. Cha kwanza ni gundi yenye maji mengi, karatasi inakunywa maji, inavimba, ikikauka inavuta upande mmoja. Cha pili ni nyuzi. Karatasi ina mwelekeo wa nyuzi kama mbao, ukiikunja upande mmoja inakubali na upande mwingine inakataa. Karatasi mbili zinazobandikwa lazima nyuzi zielekee upande mmoja. Fundi akibandika moja hivi na nyingine vile ili tu apate kutoa kadi nyingi kwa shiti, zitakuja zimepinda kama gamba la mti na hakuna uzito utazinyoosha. Laminesheni nayo hivyo hivyo, pande zote mbili ama usiweke kabisa.

Hatua ya 4: Saizi

Haraka tu. Hapa Nairobi utasikia 90 kwa 55 na 85 kwa 55, milimita. Kwa kadi nzito chagua 85. Nafasi za waleti zimepimwa na kadi ya benki ambayo ni karibu 85.6 kwa 54, hiyo ya 90 inakwama, na kwa vile ni ngumu haikunjiki mtu aisukume. Kadi isiyoingia kwa waleti inabaki kwa dashibodi ya gari.

Kona za mviringo kwa kadi nene ni kazi, kile kimashine kidogo cha mkono kinatafuna tafuna. Uliza kama wana cha kukata nene, la sivyo acha kona zake kali, mimi naona zinapendeza zaidi.

Hatua ya 5: Sasa fungua kompyuta

Kadi nzito ina nyuso tatu: mbele, nyuma, na ukingo. Wengi hawadizaini ukingo. Ukiweka rangi nyeusi mbele na nyuma kwa karatasi nyeupe, zikikatwa unapata mstari mweupe kuzunguka kote, na wino ukimeguka kidogo na kisu mstari unakuwa na meno. Hapo una njia tatu, upake rangi ukingoni, uweke tabaka la katikati la rangi, ama utumie karatasi ambayo ni nyeusi tangu kiwandani na upige maandishi kwa foili ama kwa skrini printi. Kuprinti nyeusi juu ya nyeupe na kuombea mema ndio njia ya nne, na ndio wengi huchagua.

Usiweke fremu nyembamba kuzunguka kadi. Gilotini ikishukia rundo la kadi nene, kisu kinasukumwa kidogo, kadi za chini zinaweza kutofautiana na za juu kwa nusu milimita. Bila fremu hakuna atakayejua. Ukiwa na fremu, upande mmoja utaonekana mnene kuliko mwingine na utatupigia simu ukiwa umekasirika. Maandishi pia yakae mbali na ukingo, angalau milimita 4 ama 5.

Kuhusu nini iandikwe: punguza. Jina, kazi yako, namba moja, imeili, mahali. Namba iandike na +254 mbele na uache nafasi katikati ili isomeke, kuna wateja wa nje watapiga. Sanduku la posta, kama unafuata tenda za serikali liache, kama sivyo toa, hakuna anayekuandikia barua. Ghorofa na jina la jengo ni muhimu kuliko jina la barabara, kila mtu hapa anaelekezwa kwa jengo. Tili namba usiweke mbele, tafadhali, kadi ya wakili isifanane na bango la kibanda cha smokie.

Herufi zisiwe chini ya pointi 7. Kwa karatasi isiyopakwa ongeza kidogo, wino unazama na kusambaa, na rangi zinapoa, ile bluu kali uliyoona kwa skrini itatokea imetulia. Kwa foili mistari isiwe chini ya nusu pointi, na matundu ya ndani ya herufi kama "e" na "a" yasiwe madogo sana, yanajaa.

QR ni sawa, lakini iwe na upana wa sentimita 2 hivi, giza juu ya mwangaza, na uache ukanda mweupe kuizunguka. Usiipige kwa foili, inarudisha mwanga na kamera inachanganyikiwa. Weka linki fupi, usijaze jina na namba na adresi zote ndani, nukta zinakuwa ndogo sana. Ijaribu na simu ya bei rahisi yenye kioo kimekwaruzwa, hiyo ndio simu ya ukweli.

Faili yenyewe: PDF, rangi za CMYK (zile nne za kuprinti), picha za dpi 300 (nukta 300 kwa inchi), na blidi, yaani rangi ya ziada inayokatwa, ya milimita 3 kila upande, kwa hivyo kadi ya 85 kwa 55 faili inakuwa 91 kwa 61. Maandishi meusi yawe nyeusi peke yake asilimia 100, yasiwe mchanganyiko wa rangi nne, yatatokea na kivuli. Fonti zigeuzwe kuwa maumbo. Sehemu ya foili ama ya spoti UV (vanishi ya kung'aa inayopakwa mahali fulani tu) iwe kwa ukurasa wake, nyeusi tupu, mahali pale pale itakapokaa. Canva inakupa blidi na alama za kukata ukidownlodi PDF ya kuprinti, lakini CMYK ni kwa wale wanaolipia. Na ukituma kwa WhatsApp tuma kama dokumenti, ukituma kama picha inakamuliwa na mimi napata ukungu.

Hatua ya 6: Pambo moja

Foili ama embosi ama spoti UV ama rangi ya ukingo. Chagua moja, mbili ikizidi sana. Spoti UV inakaa vizuri juu ya laminesheni ya mati, ile isiyong'aa, juu ya glosi haionekani. Foili na embosi zinahitaji bloku ya chuma iliyochongwa na logo yako, unalipia mara moja. Hiyo bloku ni yako, ukimaliza iulizie, ukiiacha mwaka ujao utachongewa nyingine na kulipishwa upya.

Hatua ya 7: Prufu, pesa, na kupokea

Prufu ni nakala ya kukagua kabla ya kazi yenyewe; kataa ya simu. Omba moja iliyoprintiwa kwa karatasi ile ile, hata kama haijabandikwa. Shiti ya SRA3, kubwa kidogo kuliko A3, inatoa kama kadi 20 za saizi hii, kwa hivyo kadi 100 ni shiti 5 za mbele na 5 za nyuma na chache za kuharibika, si karatasi nyingi. Gharama kubwa ni bloku, kuseti mashine na mkono wa fundi, ndio maana 200 haziwi bei mara mbili ya 100. Uliza bei ya zote mbili kabla ukubali. Lipa nusu, baki ulipe ukishaona.

Siku ya kuchukua usipokee boksi ukaondoka. Toa kadi zote, zigonge mezani zikae sawa, angalia rundo kutoka kando: kama kuna zilizotokeza, kukata kumeenda mrama. Futa ukingo uliopakwa rangi na tishu nyeupe, rangi isibaki kwa tishu. Chagua tatu nne kutoka katikati, si za juu, za juu ndio fundi amechagua yeye, uzifanyie ule mtihani wa ukucha. Alafu piga ile namba iliyoandikwa kwa kadi, simu yako ilie. Wakitaka kukufungia na raba bendi kataa, inauma ukingo na alama haitoki, sema wakupe kiboksi, zilale zisisimame.